Mtambo Unaomwandika Rubani: Je, ni Msaada au ni Fimbo?

(Hotuba hii ilisomwa na rubani mmoja aliyestaafu mbele ya wajumbe wa matawi yetu. Wanachama wengi waliokosa nafasi ya kufika wameomba kuisoma, nasi twaichapa kama alivyoisema. – Mhariri)



Barua ya Mwenyekiti iliponifikia, ikiniambia nije niseme habari za kazi ya urubani, nilijiuliza watu wa bandari, wa reli, wa viwanda na wa malori wana haja gani na mambo ya angani. Mishahara yetu si sawa, na najua wengine wenu hufikiri ya kuwa rubani si mfanyakazi bali ni bwana mkubwa mwenye kofia. Lakini juma lile lile nilipanda lori kwenda kwetu, na dereva akaniambia, "Mzee, siku hizi gari hufika ofisini kunisema kabla mimi sijafika." Maana yake ni kile chombo kilichofungwa garini, kinachoandika mwendo, breki, na kila mahali aliposimama.

Hapo nikatambua ya kuwa mimi na yeye tu ndugu katika jambo moja. Sisi marubani tumeishi na mtambo wa namna hiyo kwa miaka mingi. Tumeuona ukiokoa watu, na tumeuona ukiharibu kazi. Nimekuja kuwaambia tuliyojifunza, ili ninyi msiyanunue kwa bei ile tuliyonunulia sisi.

VISANDUKU VIWILI

Nianze na mtambo wenyewe. Nyote mmesikia habari za kisanduku cheusi cha ndege. Kwa kweli si cheusi. Kimepakwa rangi ya machungwa ili kionekane upesi katika majani au matope. Mmoja wa watu waliokibuni ni mtaalamu wa Australia, David Warren, katika miaka ya 1950, baada ya ndege za Comet za Waingereza kuanguka na watu wasijue kwa nini.

Sisi Wakenya twakijua chombo hicho kwa machozi. Tarehe 5 Mei 2007 ndege ya Kenya Airways iliyokuwa ikitoka Douala, Kamerun, kuja Nairobi ilianguka usiku katika kinamasi cha mikoko muda mfupi baada ya kuruka. Watu wote 114 walikufa. Hapakuwa na mtu wa kueleza yaliyotokea. Vinasa vya ndege ndivyo vilivyowaeleza wachunguzi, na ripoti yao ikatoka mwaka 2010: ya kuwa ndege ililala upande wa kulia polepole gizani, na mtambo wa kujiendesha haukuwa umeshika, na marubani hawakutambua mpaka wakati ulipokuwa umepita.

Chombo hicho husema kweli, lakini husema baada ya mazishi.

Basi watu wa kazi ya ndege walijiuliza: kwa nini tungoje mazishi? Ndege huandika hesabu zake kila safari, siku njema na siku mbaya. Kwa nini tusizisome zile za siku njema, tuone hatari ingali changa? Huko Uingereza kazi hiyo ilianza katika miaka ya 1960. Leo ni sheria ya dunia. Tangu tarehe 1 Januari 2005, Shirika la Kimataifa la Usafiri wa Anga, liitwalo ICAO, limeagiza makampuni yenye ndege za uzito unaozidi kilo 27,000 yawe na mpango wa kusoma hesabu za safari. Na tafadhalini shikeni neno hili, kwa maana nitalirudia: agizo lile lile lasema mpango huo usiwe wa kuadhibu, na wale ambao hesabu zinatoka kwao wapewe ulinzi.

Kazi yenyewe huenda hivi. Ndani ya ndege mna vipimo mamia, vinavyoandika mwendo, urefu, mteremko, nguvu za injini, na jinsi mkono wa rubani unavyosukuma na kuvuta. Ndege ikisha kuegeshwa, hesabu hizo hutolewa kwa kadi ndogo au hutumwa ofisini kwa njia ya simu. Huko kompyuta huzilinganisha na mipaka iliyowekwa. Ndege ikiwa imeshuka upesi mno, au imegusa chini kwa kishindo, au imekuja kutua na mwendo mkubwa, kompyuta huandika alama, ndogo au kubwa kwa kadiri ya jambo.

Lakini kompyuta hujua nini kilitokea, haijui kwa nini. Nitatoa mfano wa hapa kwetu. Kiwanja cha Nairobi, tulichokiita Embakasi zamani, kiko futi 5,330 juu ya usawa wa bahari. Hewa yetu ni nyepesi. Ndege ile ile, yenye mzigo ule ule, mbele ya rubani kipimo kikisoma mwendo ule ule kama Mombasa, hapa hukata hewa kwa kasi zaidi. Kama Mombasa yashuka futi 740 kwa dakika ili ibaki katika mteremko wa sawasawa, hapa itabidi ishuke zaidi ya futi 800. Mtu akiweka mpaka kwa kufikiria viwanja vya pwani tu, kila rubani wa Nairobi ataonekana mkosaji, hali anafanya kazi yake vizuri. Hesabu ni ya kweli, lakini hukumu ni ya uongo. Ndiyo sababu nasema, hesabu ya kazi yataka kusomwa na mtu anayeijua kazi.

SIKU YA MVUA

Sasa niwaambie jambo lililonipata mimi mwenyewe. Sitaitaja kampuni, na kapteni niliyekuwa naye amekwisha fariki, Mungu amrehemu.

Nilikuwa rubani msaidizi. Katika kampuni ile hesabu za ndege zilikuwa mikononi mwa wakubwa tu. Ukitua kwa kishindo, barua ilikungoja. Ulisimamishwa mbele ya meza, ukaulizwa kama mtoto wa shule, na karatasi ikatiwa katika faili lako. Kapteni wangu alikuwa amepata barua moja mwezi uliotangulia. Mimi nilikuwa na yangu pia.

Siku hiyo tulikuja kutua katika kiwanja cha pwani, mvua inanyesha, barabara ya ndege imejaa maji, na upepo kidogo watusukuma kwa nyuma. Kila rubani amefundishwa ya kuwa barabara ikiwa na maji, yapasa kuiweka ndege chini kwa nguvu kidogo, mahali pake, ili magurudumu yashike na breki zifanye kazi. Kutua kwa ulaini si sifa katika mvua. Kapteni aliyajua hayo kuliko mimi. Lakini niliona mkono wake unaizuia ndege isiguse, akiipapasisha hewani, akitafuta ule ulaini ambao hautaandikiwa barua.

Ndugu zangu, ndege ya namna ile huja kutua kwa mwendo wa kilometa 260 kwa saa hivi. Maana yake kila sekunde moja yala karibu mita 70 za barabara. Ukihesabu moja, mbili, tatu, nne, tano, umekwisha poteza mita 350. Nami nilihesabu. Neno lilikuwa mdomoni mwangu: "Kapteni, tupae tena." Sikulisema. Kupaa tena nako kulitaka maelezo ya maandishi, mafuta yalihesabiwa, na jina langu lilikuwa tayari katika faili.

Tuligusa chini kwa ulaini kabisa, mbali sana. Breki zilishika na kuteleza, zikashika tena. Tulisimama huku taa nyekundu za mwisho wa barabara ziko mbele ya pua ya ndege. Kapteni alinyamaza, nami nilinyamaza. Na nyuma yetu, ndugu zangu, abiria wakapiga makofi! Mama mmoja mzee aliposhuka alimpa kapteni mkono, akamwambia, "Mwanangu, umetushusha kama yai."

Ofisini hapakutoka barua. Mpaka uliowekwa ulikuwa wa kishindo tu. Kwa mtambo ule, tulikuwa tumefanya kazi njema.

Nimeifikiria siku ile kwa miaka mingi. Kapteni hakuwa mjinga wala mzembe. Alikuwa rubani hodari aliyekuwa akiendesha ndege kwa ajili ya faili lake, wala si kwa ajili ya wale watu waliokuwa nyuma. Na mimi niliyekaa kimya nilifanya vivyo hivyo. Hofu haikutufanya tuwe waangalifu zaidi. Ilitufanya tuangalie upande usiofaa.

JINSI HOFU INAVYOBADILI UAMUZI

Jambo la kwanza nimekwisha kulieleza: mtu akiadhibiwa kwa hesabu moja, atailinda hesabu hiyo hata kwa kuharibu nyingine isiyohesabiwa. Asiyetaka kishindo atakula barabara.

Jambo la pili ni huko kupaa tena. Ndege yapaswa iwe imetulia kabla haijafika chini: mwendo wake wa sawa, mteremko wake wa sawa, magurudumu yametoka, kila kitu tayari. Kanuni ya kawaida ni kwamba hayo yawe tayari futi 1,000 juu ya ardhi kama kuna mawingu, na futi 500 kama kweupe. Isipokuwa imetulia, rubani aache, apae tena, azunguke na kuja upya. Ni dakika chache na mafuta kidogo, si aibu hata kidogo. Lakini je, marubani hufanya hivyo? Shirika la Flight Safety Foundation la Marekani lilitoa ripoti yake mwaka 2017: katika kila mara 100 ambazo ndege huja kutua haijatulia, ni mara 3 tu hivi ambapo marubani huacha na kupaa tena. Nyingine zote huendelea.

Sisemi wote hao huendelea kwa kuogopa barua. Wengine hujiamini kupita kiasi. Wengine wamefanya hivyo mara nyingi na hawakupata dhara, kwa hiyo hawaoni hatari. Wengine wamechoka na wataka kufika. Lakini mahali ambapo kupaa tena huleta maswali, na kutua kwa bahati hakuleti swali lo lote, mwajiri amemfundisha rubani kuendelea, ingawa vitabu vyake vyasema vingine.

Tarehe 22 Mei 2010 ndege ya Air India Express kutoka Dubai ilikuja kutua Mangalore, India, katika kiwanja kilicho juu ya kilima. Ilikuja juu mno na kwa kasi mno. Rubani msaidizi alimwambia kapteni mara tatu aache apae tena. Kapteni aliendelea. Waligusa chini wakati futi 5,200 hivi zilikuwa zimekwisha pita katika barabara ya futi 8,000. Ndege ikapita mwisho, ikatumbukia bondeni ikawaka moto. Katika watu 166 walipona 8 tu. Baraza la uchunguzi liliona sababu zaidi ya moja. Kapteni alikuwa amelala usingizi mrefu njiani. Tena maagizo hayakueleza wazi ni lini rubani msaidizi ana ruhusa ya kuamua mwenyewe. Kijana yule alikuwa na macho ya kuona na mdomo wa kusema, lakini hakuwa na hakika ya haki yake. Nami kila nisomapo habari hiyo, nakumbuka ya kuwa yeye angalau alisema.

Jambo la tatu ni ustadi wa mkono. Rubani akiendesha kwa mkono wake, lazima mstari utayumba kidogo. Mtambo wa kujiendesha hauyumbi. Basi rubani anayejua ya kuwa kila kuyumba kutaandikwa, huona afadhali auachie mtambo kazi tangu anaporuka hadi karibu na kugusa chini. Hesabu zake hung'aa. Lakini mkono wake wafanya kutu, na mkono ukifanya kutu, moyo nao huogopa. Tarehe 6 Julai 2013 ndege ya Asiana ilikuja kutua San Francisco, mchana, hali njema. Mtambo wa redio unaoonyesha mteremko ulikuwa umezimwa kwa sababu ya ujenzi, ikabidi watue kwa macho. Ndege ilishuka chini mno, mwendo ukaisha, mkia ukagonga ukingo wa bahari. Katika watu 307 walikufa 3. Rubani aliyeshika usukani aliwaambia wachunguzi ya kuwa alikuwa na wasiwasi mwingi juu ya kutua bila mtambo ule. Wachunguzi wa Marekani walisema kampuni ilihimiza mitambo itumiwe kila mara, wala haikuwatia moyo marubani waendeshe kwa mkono katika safari za kawaida. Sidai ya kuwa kusoma hesabu ndiko kulikoangusha ndege hiyo. Nasema tu: moyo wa kujiamini hutokana na mazoezi, na mtu hawezi kufanya mazoezi mahali ambapo kila kosa dogo huwa kesi.

MTAMBO ULE ULE, MIKONO MINGINE

Huenda mtu akadhani nimekuja kuwaambia mitambo hii ing'olewe. La, hasha. Nikipewa leo nafasi ya kuchagua kati ya ndege yenye mtambo huu na isiyo nao, nitawapandisha wanangu katika ile yenye mtambo.

Baadaye nilihamia kampuni nyingine ambako chama cha marubani kilikuwa kimefanya mapatano ya maandishi. Huko hesabu zilikuja zimefichwa majina. Mtu mmoja tu ndiye aliyekuwa na ufunguo wa kujua ni nani aliyeendesha. Sisi tulimwita mshika ufunguo. Alikuwa rubani mwenzetu, bado anaruka, na chama na kampuni walikuwa wamemkubali pamoja.

Usiku mmoja nilipokuwa nyumbani simu ililia. Alikuwa yeye. Akasema, "Kapteni, habari za jioni. Juma lililopita ulishuka kwa kasi sana ulipokuwa unakuja kutua. Sikuulizi kwa kukushitaki. Niambie tu, ulikuwa unaona nini?"

Ndugu zangu, katika miaka yangu yote ya kazi sijapata kuulizwa swali zuri kama hilo. Nikamwambia kila kitu. Nikamwambia ya kuwa waongoza ndege wa kiwanja kile walikuwa wakituweka juu muda mrefu kwa sababu ya ndege nyingine, kisha wakituachia ghafula, nasi tukalazimika kuteremka kama mtu anayekimbia ngazi. Nikamwambia vile vile ya kuwa ningepaswa kukataa na kuomba nizungushwe, nami sikufanya. Jambo hilo la pili nisingelisema kamwe mbele ya meza ya mkubwa.

Kumbe sikuwa peke yangu. Wenzangu kadhaa walikuwa wameandikwa alama ile ile, mahali pale pale. Kampuni ikawaandikia waongoza ndege, watu wakakaa pamoja, na utaratibu ukabadilishwa. Kama mimi ningepewa barua, na mwenzangu barua, na yule mwingine barua, kila mmoja wetu angejiona mkosaji peke yake, na ule mtego ungebaki pale pale ukimngoja mwingine.

Tena mtambo huu humtetea mfanyakazi. Namjua binti mmoja, rubani msaidizi, ambaye abiria walimlalamikia ya kuwa ametua vibaya. Alikuwa amekwisha kuanza kujitilia shaka, na mkono wake ukawa mzito. Hesabu zilipotazamwa, kishindo kilikuwa kidogo, ndani ya mipaka kabisa, na ndege ilikuwa imegusa mahali panapotakiwa. Alionyeshwa karatasi hiyo kwa heshima. Aliniambia, "Mzee, tangu siku ile najua mkono wangu ulipo." Hilo ndilo liitwalo kujiamini: si kudhani huwezi kukosa, bali kujua kwa hakika uko wapi.

Wazee wetu walisema, mficha maradhi kifo humuumbua. Katika kazi yetu mtu hafichi maradhi kwa kuwa apenda kuficha. Huficha kwa kuwa daktari ameshika fimbo.

MAPATANO YAWE NA NINI

Sasa nafika kwenye kazi ya chama. Yale mema niliyoyaeleza hayakuletwa na huruma ya mtu. Yaliletwa na mapatano. Nitayataja mambo ambayo sisi tuliona hayana budi kuandikwa, nanyi mtazame yapi yanafaa katika kazi zenu.

La kwanza, iandikwe wazi hesabu zinakusanywa kwa kusudi gani. Kama ni kwa usalama, basi ziwe za usalama, zisigeuzwe kesho kuwa za kupunguza mshahara au kupandisha cheo.

La pili, majina yafichwe, na mshika ufunguo awe mtu anayeijua kazi na aliyekubaliwa na pande zote mbili.

La tatu, mfanyakazi aulizwe kabla ya kuhukumiwa. Hesabu iwe mwanzo wa mazungumzo, isiwe mwisho wa kesi.

La nne, mipaka iwekwe kwa kushauriana na wafanyakazi wenyewe. Nimekwisha kuwaonyesha jinsi mpaka wa pwani unavyoweza kumwonea mtu wa Nairobi.

La tano, anayeacha kazi kwa sababu ya usalama, kama rubani anayepaa tena, asiadhibiwe wala asidhihakiwe.

La sita, wafanyakazi waambiwe kilichopatikana na kilichobadilishwa. Mtu akitoa habari zake na asisikie jibu mwaka mzima, atafunga mdomo.

La saba, na hili baadhi yenu hamtalipenda: iandikwe pia mahali ambapo ulinzi unakoma. Huko Marekani, serikali iliweka kanuni mwaka 2001 ya kuwa haitatumia hesabu hizi kuwaadhibu marubani, isipokuwa kwa uhalifu au tendo la makusudi. Nasi twasema hivyo hivyo. Anayekosea alindwe na afundishwe. Anayevunja sheria kwa kusudi, akijua anahatarisha roho za watu, chama kisiwe pango lake la kujificha. Tukiwatetea hao, siku ya kumtetea mwenye haki hatutasikilizwa.

NENO KWENU

Ninyi wa malori, wa mabasi, wa bandari na wa viwandani, mitambo hii imekwisha kuwafikia au iko njiani. Msiende kwa mwajiri kusema tu, "Hatutaki." Atawauliza kama hamtaki usalama, nanyi mtakosa jibu. Nendeni mkamwulize: Nani ameshika ufunguo? Nani ameweka mpaka? Na mtu akiandikwa alama, nani atamwuliza alikuwa anaona nini?

Tena jueni ya kuwa hamwendi mikono mitupu. Kifungu cha 41 cha Katiba ya mwaka 2010 champa kila mtu haki ya kutendewa haki kazini. Sheria ya Ajira ya mwaka 2007, nayo pia katika kifungu chake cha 41, yasema mwajiri akitaka kumwachisha mtu kwa mwenendo mbaya au kazi mbovu, lazima kwanza amweleze sababu kwa lugha anayoielewa na amsikilize, na mfanyakazi ana haki ya kuwa na mwenzake au mwakilishi wa chama hapo. Na Sheria ya Kulinda Data ya mwaka 2019 yampa mtu haki ya kujua habari zake zinatumiwa kwa kazi gani, kuziona, na kutaka zisahihishwe kama si za kweli. Zaidi ya hayo, kifungu cha 35 chasema mtu asiamuliwe jambo zito na mtambo peke yake, isipokuwa katika hali chache zilizotajwa. Wajumbe wa matawi, zisomeni sheria hizo. Silaha iliyofungiwa kabatini haimtishi mtu.

Nanyi vijana mnaofanya kazi chini ya wengine, nina neno moja kwenu, nalo ndilo lililonileta hapa. Siku ile ya mvua nilikuwa na neno la kusema, nikalimeza. Hatukufa, na kwa hiyo hakuna aliyeandika, na makofi yalipigwa. Lakini mimi najua. Taa zile nyekundu bado naziona. Ningependa mjenge chama ambacho ndani yake kijana mwenye neno kama lile hatahitaji kuwa shujaa ili alitoe. Atalitoa tu, kama anavyotoa salamu, kwa kuwa anajua mapatano yako nyuma yake na wenzake wako nyuma ya mapatano.

Mtambo utaandika, hauna budi kuandika. Kazi yetu ni kuhakikisha ya kuwa asomaye maandishi hayo amekuja na taa mkononi, wala si fimbo.

Bwana Mwenyekiti, nimesema ya kutosha. Kama kuna maswali nitayajibu kadiri niwezavyo. Umoja ni nguvu.